Mwalimu anapanda mlima: pikipiki ya pili iwe ipi?

Wiki hii naweka pembeni habari za ada na sare, najibu ujumbe wa mama mmoja wa Morogoro ulionifikia kwa simu. Nimeusoma mara mbili, na kila nikiusoma naona nyumba nyingi zimo ndani yake.

Mama huyu ni mwalimu wa shule ya msingi. Amehamishiwa shule iliyoko juu, milima ya Uluguru upande wa Mkuyuni, na kuanzia Julai atakuwa anapanda na kushuka kila siku ya kazi. Nyumbani wana Boxer moja, lakini hiyo ndiyo inayoleta unga: mumewe anasambazia mikate madukani tangu alfajiri. Wameweka akiba wanunue ya pili, na wamekubaliana iwe moja ya zile ndefu za njia mbaya, zenye madigadi ya mbele yaliyokaa juu na tairi zenye meno.

Walipofika kwenye kuchagua ndipo wakashindwana. Baba anataka yenye injini kubwa, 200 au hata 250, kwa hoja kwamba mlima unataka nguvu, na kwamba Jumamosi naye ataitumia kwenda shamba. Mama ana futi tano na inchi moja. Kila aliyopandishwa dukani, miguu ilining'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Mwisho kabisa wa ujumbe, kama jambo dogo la kupitia tu, ameongeza kwamba angependa kumchukua na mtoto wao wa mwisho, mwenye miaka 6, asome hukohuko anakofundisha yeye.

Naanza na pikipiki. Mtoto nitamfikia.

Shemeji, naomba nizungumze na wewe kwanza. Hoja yako ya nguvu naielewa, na wanaume wengi wangesema hivyohivyo. Lakini kinachoipandisha pikipiki nyepesi kwenye mlima wenye utelezi ni gia ya kwanza iliyo fupi, tairi linaloshika, na mtu aliye juu yake asiyeogopa kuweka mguu chini. Injini ya 125 au 150 yenye gia za aina hiyo inampandisha mwalimu mwenye kilo 60 na mkoba wa madaftari bila kuhema. Akiona bado inalemewa, fundi anabadilisha sproketi ya nyuma anaweka yenye meno zaidi. Kasi ya juu inapungua, nguvu ya kupanda inaongezeka. Kasi ya juu ya nini kwenye njia ile?

Uzito ndio unaopaswa kuangaliwa kabla ya kitu chochote. Boxer ya 150 iko kwenye kilo 120 hivi. Honda XR150L, ambayo ni ya njia mbaya na injini yake ni ya karibu ukubwa uleule, ikiwa na mafuta ina karibu kilo 130. Ukienda kwenye za 250 za aina hiyo, nyingi zinapita kilo 140. Tofauti ya kilo 10 au 20 haionekani pikipiki ikiwa wima dukani. Inaonekana siku imelala kwenye mfereji wa udongo mwekundu saa moja asubuhi, mvua inanyesha, na hakuna mtu njiani.

Maana itaanguka. Nalisema hili bila kukutisha, dada. Kila anayeendesha kwenye njia ya udongo huanguka siku moja, mara nyingi akiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea: gurudumu la mbele linateleza pembeni, pikipiki inalala taratibu, unasimama unajipangusa. Linalobaki ni kama unaweza kuiinua peke yako. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei. Liwe hili: nikiilaza hapa chini, nitaisimamisha?

Kuna namna ya kuinua, na haihitaji misuli ya kubebea magunia. Zima injini, funga koki ya mafuta kama ipo. Weka gia ya kwanza ili isiviringike. Kama imelalia upande wa kulia, toa stendi kwanza, isije ukaisimamisha ikaangukia upande wa pili. Kisha ipe pikipiki mgongo. Chuchumaa, makalio yakae kwenye ukingo wa siti, mkono mmoja ushike usukani uliokunjwa kuelekea kwako, mwingine ushike keria au chuma cha fremu. Mgongo uwe umenyooka, halafu tembea kinyumenyume kwa hatua ndogondogo, miguu ndiyo isukume. Inapanda yenyewe. Muuzaji anayekataa usijaribu hilo juu ya gunia au godoro kuukuu, aulizwe anaficha nini.

Sasa urefu, ambao ndio unaokusumbua zaidi. Pikipiki za njia mbaya zinakuwa ndefu kwa sababu ya kazi yake. Shokapu zake zinacheza sana, na tumbo la injini liko juu ili lisigonge mawe. Kwenye hiyo XR150L niliyoitaja kuna sentimita 24 hivi kutoka ardhini. Siti nayo inapanda pamoja. XR150L siti yake iko sentimita 82 na nusu, Yamaha XTZ125 iko 84. Mtu wa futi tano na inchi moja ni sentimita 155, na miguu yake kwa ndani, kutoka kwenye mapaja hadi kisigino, mara nyingi haifiki 75. Hesabu inaonekana imekukataa.

Haijakukataa yote. Kwanza, ukikaa, shokapu zinabonyea na siti inashuka sentimita kadhaa. Ukimpandisha mtu mnene inashuka zaidi. Pili, sponji ya siti inakatwa. Hao mafundi wanaoshona siti za magari na bajaji wanaifanya kazi hiyo vizuri: wanapunguza katikati, wanachonga pembeni ili mapaja yasisukumwe nje, wanarudisha kava. Hapo umepata sentimita nyingine mbili au tatu. Tatu, viatu. Buti lenye soli nene linakuongezea, na linafunika kifundo cha mguu, jambo ambalo ndala na viatu vya wazi havifanyi.

Tena huhitaji nyayo zote mbili chini. Ukisimama mlimani, mguu wa kulia unakuwa kazini, umekanyaga breki ya nyuma. Unaoshuka ni wa kushoto peke yake. Kwa hiyo pima hivi: kaa, sogeza makalio kidogo upande wa kushoto, uone kama nusu ya mbele ya wayo wa kushoto inakanyaga imara. Ikikanyaga, inatosha. Njiani jifunze kuchagua mahali pa kusimama, ili kushoto kwako kuwe na kingo, jiwe au udongo uliopanda. Baada ya wiki mbili jicho linapazoea bila kuambiwa.

Ikiwa hata hivyo unafika kwa ncha ya kidole gumba tu, usijilazimishe. Kuna njia ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji kwa sababu haina sura ya kuringia: pikipiki ndogo ya kawaida ya 100 au 125, siti ya chini, ukaivalisha tairi zenye meno, zile ambazo wengine wanaziita kashata, na sproketi kubwa nyuma. Haitaruka mawe, utalazimika kuyazunguka. Lakini miguu yote inafika chini, ni nyepesi kuliko zote, na spea zake zinauzwa mpaka kwenye duka la sabuni kijijini. Kwa njia yenye mashimo ya kawaida ningeichukua hiyo bila kufikiri. Kwa njia yenye mifereji mirefu iliyochimbwa na maji na mawe makubwa kama ngumi za mtu mzima, ile ndefu inastahili fedha yake. Panda siku moja na bodaboda wa hukohuko juu, uione njia kwa macho kabla ya kuamua, na umuulize yeye anatumia nini.

Spea zinaniletea jambo ambalo familia nyingi hugundua baada ya kulipa. Boxer na TVS zimejaa, kwa hiyo waya wa klachi unaupata popote. Pikipiki ndefu zenye majina ya Kijapani ni imara kweli, lakini ni chache, na uchache huo unakufuata mpaka dukani. Angalia ringi ya mbele. XTZ ina inchi 21, XR150L ina 19. Ringi kubwa inapita juu ya shimo vizuri zaidi, hilo ni kweli. Ila tyubu ya 21 utaitafuta mjini kwa mguu, sembuse Mkuyuni. Kabla hujatoa hata shilingi, ingia maduka matatu ya spea Morogoro, uulize vitu vinne kwa hiyo pikipiki unayoitaka: waya wa klachi, viatu vya breki, cheni na sproketi zake, tyubu ya mbele. Maduka mawili kati ya matatu yakikujibu kwamba wataagiza Dar, hiyo pikipiki itakulaza nyumbani siku ambazo watoto wa watu wanakusubiri darasani.

Na hata ukizipata, nunua tyubu moja ya mbele uiweke ndani ya mkoba wako pamoja na pampu ndogo na vyuma viwili vya kufungulia tairi. Mwambie fundi akufundishe kubadilisha, mara moja tu, wewe mwenyewe ukishika vyuma.

Injini ichague ya mipigo minne. Zile za mipigo miwili, zinazochoma oili pamoja na petroli, zina historia nzuri vijijini kwetu. Baba yangu alikuwa bwana shamba na alipewa Yamaha AG100, pikipiki iliyotengenezwa mahsusi kwa watu wa mashambani: injini ya cc 97, cheni imefunikwa yote isiguswe na matope, na stendi pande zote mbili ili uiegeshe popote kwenye mteremko. Mpaka leo sijaona wazo la kiungwana kama hizo stendi mbili. Lakini injini ya mipigo miwili ukiachia mafuta kwenye mteremko haikushiki sana, inakuachia kazi yote kwenye breki. Wewe kila jioni unashuka Uluguru. Ya mipigo minne ukiiweka gia ya kwanza au ya pili na kuacha klachi, inakuzuia yenyewe, na breki unaigusa tu. Klachi usiishike ukishuka. Breki ya mbele iguse kwa vidole viwili, polepole, kwa sababu kwenye utelezi gurudumu la mbele likijifunga umeshalala.

Za mnada nazo zimeulizwa. Ni kweli kwamba pikipiki nyingi nzuri za aina hii zinapatikana pale miradi na taasisi zinapouza za zamani. Utaziona na namba za DFP au za mashirika ya umma. Ni nafuu na mara nyingi zilihudumiwa kwa ratiba. Lakini miradi huingiza vyombo kwa msamaha wa kodi, na kikiuzwa kwa mtu binafsi kodi inadaiwa. Uliza nani anailipa, muuzaji au wewe, na jibu liwe kwenye karatasi. Namba ya fremu na ya injini zisomeke na zilingane na kadi. Tazama kwa tochi chini ya fremu na shingoni mwa usukani kama kuna alama za kuchomelewa. Iwashe ikiwa ya baridi. Ukiikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, rudi siku nyingine. Moshi wa bluu usioisha unaonyesha injini inakula oili. Gurudumu la mbele likiwa juu, zungusha usukani taratibu kushoto na kulia, usikie kama unakwama katikati. Rangi usihangaike nayo.

Fedha nasema kwa kifupi tu kwa sababu tumeshaizungumza sana hapa. Kama akiba haitoshi, subirini miezi miwili, au nunueni ya bei ya chini. Mikopo ya kausha damu kwa ajili ya chombo ambacho hakiingizi chochote, hapana. Boxer inajilipia kwa mikate. Hii ya pili inakula tu: petroli, oili, cheni, tairi, bima. Tairi zenye meno zinaisha haraka zikikimbizwa kwenye lami, na kwenye lami yenye maji hazishiki kama za kawaida. Ndiyo sababu, shemeji, nasema Boxer ibaki na mji na hii ibaki na mlima. Jumamosi ichukue uende shamba, hakuna anayekukataza, ila irudi ikiwa imeoshwa, cheni imepakwa oili, na ile sponji ya kuchujia hewa imeangaliwa. Vumbi la kiangazi linaziba hiyo sponji upesi, na ikiziba injini inakosa pumzi na kula mafuta. Inaoshwa, inakaushwa, inapakwa oili yake, inarudishwa.

Nguo. Dada, najua mwalimu anatakiwa aonekane mwalimu. Vaa suruali nzito njiani, gauni liwe ndani ya mkoba, ubadilishie shuleni. Gauni refu au khanga iliyofungwa kiunoni ikishikwa na cheni au gurudumu la nyuma inakuvuta wewe nayo. Mtandio uingize ndani ya koti, ncha zote mbili. Eksozi ya pikipiki hizi iko juu pembeni, hivyo ndama wa mguu unahitaji kufunikwa.

Kofia ngumu iwe ya kukutosha wewe, si ya mumeo yenye harufu ya jasho lake na nafasi ya vidole viwili. Ukitikisa kichwa isizunguke, na mkanda ufungwe kila mara, hata safari ya dukani. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2008, ambao Shirika la Afya Duniani limeutumia kwa miaka mingi, ulikuta kofia inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna spea yoyote kwenye pikipiki inayofanya kazi kiasi hicho.

Nimemfikia mtoto.

Dada, asipande. Najua ulivyolihesabu: ungekuwa naye karibu, ungeokoa nauli, ungemwona anasoma nini. Mama yeyote angehesabu hivyo. Lakini kanuni za bodaboda za mwaka 2010 zinakataza kubeba mtoto aliye chini ya miaka 9. Utaniambia ziliandikwa kwa ajili ya wanaobeba abiria kwa nauli, na wewe ni mama yake. Sawa. Tuiache sheria, tumtazame mtoto mwenyewe.

Mtoto wa miaka 6 akikaa nyuma, miguu yake haifiki kwenye vyuma vya kukanyagia abiria. Inaning'inia, upande mmoja karibu na eksozi ya moto, chini yake gurudumu. Mikono haikuzunguki, anashika koti. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ana usingizi, na pikipiki inabembeleza. Kwenye Boxer siti ni pana na ndefu. Kwenye hii ni nyembamba. Kisha mnaanza kupanda. Uzito wote unakwenda nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na yeye ndiye aliye nyuma kabisa.

Ukimweka mbele, juu ya tangi, ni vibaya zaidi. Usukani hukunji vizuri, na ukifunga breki ghafla yeye yuko kati ya kifua chako na vyuma. Nimesema hapo juu kwamba kila mtu huanguka siku moja kwenye udongo. Wewe ukianguka taratibu utajipangusa. Yeye pikipiki inamlalia.

Na ile kuinua niliyokueleza, ya kugeuza mgongo na kusukuma kwa miguu, inadhani hakuna mtu chini yake.

Basi afanyeje? Njia ya kwanza ni abaki shule anayosoma sasa. Baba humaliza mikate asubuhi, kwa hiyo kumpeleka kwa miguu, na si kwa Boxer, kunahitaji kupanga upya saa ya mzunguko wa mwisho tu. Maduka mawili yatapokea mikate saa mbili badala ya saa moja. Shemeji, hilo liko kwenye uwezo wako, na ndiyo sehemu yako kwenye uhamisho huu wa mkeo. Jioni atafika nyumbani kabla ya mama, na lazima apatikane mtu mzima wa kukaa naye, bibi au jirani anayeaminika, si kaka yake wa darasa la sita aachiwe nyumba na jiko.

Njia ya pili naipenda zaidi, ingawa najua itawauma kidogo. Vijiji vya huko juu chumba cha kupanga kinapatikana kwa kodi ndogo kuliko ya mjini. Mwalimu akipanga chumba karibu na shule, Jumatatu hadi Ijumaa anakaa na mtoto hukohuko, wanakwenda darasani kwa miguu pamoja. Jumatatu na Ijumaa mtoto anapanda na kushuka kwa gari la abiria na mtu mzima wa kumshika mkono, mama anakuja na pikipiki. Tazama hesabu yake: safari kumi kwa wiki zimekuwa mbili. Petroli imepungua, tairi zinadumu, na mvua kubwa ya Jumatano haikuhusu. Utaamka saa kumi na mbili badala ya saa kumi. Ndoa ya wiki nzima mbalimbali ina gharama yake, sitajifanya haina, lakini hiyo mnaizungumza wawili mkiwa mmekaa, mlango umefungwa na simu zimezimwa.

Ukichagua njia ya pili, hata aina ya pikipiki inabadilika. Kwa safari mbili kwa wiki, ile ndogo ya kawaida yenye tairi za meno inatosha kabisa, na fedha inayobaki inalipa kodi ya chumba miezi kadhaa. Zungumzeni chumba kwanza, duka la pikipiki baadaye.

Lililobaki ni kujifunza. Umesema mumeo atakufundisha mwenyewe. Nampongeza kwa moyo wake, lakini mwanamume anayemfundisha mkewe pikipiki huwa na subira ya dakika kumi na mbili, baada ya hapo ni kelele, na mke akipigiwa kelele anaachia klachi ghafla. Nenda chuo kinachotambulika, VETA wanafundisha, upate cheti na ufuate utaratibu wa leseni ya daraja la pikipiki. Shemeji afundishe kitu kimoja tu: kuitunza.

Una bahati ya tarehe. Julai, Agosti na Septemba kwenu ni kiangazi. Anza uwanjani, siku kadhaa za kuondoka na kusimama tu, kisha kilima kifupi, upande, usimame katikati, uondoke tena bila kurudi nyuma. Hilo la kuondoka mlimani lifanye mara hamsini. Breki ya nyuma kwa mguu wa kulia, klachi mpaka uisikie injini inavuta, ndipo uachie breki. Halafu njia yenyewe Jumapili, bila mkoba, bila haraka, na bodaboda mzoefu akiwa mbele yako. Vuli ikianza Oktoba uwe umeshaijua kila kona. Masika, Machi mpaka Mei, kutakuwa na asubuhi ambazo hutapanda kabisa. Mweleze mwalimu mkuu mapema, kabla asubuhi hiyo haijafika, na ukifika kwenye kijito maji yamepanda na huoni chini, geuza.

Na umeuliza kadi iandikwe jina la nani, kwa kuwa nyumbani kila kitu kiko kwa jina la baba. Akiba umesema ni ya mshahara wako, leseni itakuwa yako, na askari barabarani atakusimamisha wewe. Andika lako.